Mkubwa Mkali Kazini: Ghadhabu Yake Isivuke Kizingiti cha Nyumba Yako

Wahenga walisema kwamba mkubwa ni jalala. Maana yao ilikuwa kwamba aliye juu hana budi kupokea taka za kila mtu, azivumilie, wala asizirudishe kwa waliozitupa. Lakini katika kazi nyingi mambo huenda kinyume: mkubwa ndiye atupaye, na walio chini yake ndio wageuzwao jalala. Inspekta hukemewa na wakubwa wake, naye humkemea sajenti. Sajenti humgeukia konstebo. Konstebo hurudi nyumbani jioni akamfokea mkewe kwa sababu ya chumvi iliyozidi katika maharagwe. Mke humchapa mtoto, na mtoto humwonea mdogo wake. Hivyo neno moja kali lililotamkwa asubuhi ofisini humaliza safari yake usiku, katika kilio cha mtoto asiyejua hata jina la huyo aliyelianzisha.

Ndugu wasomaji, askari wa jeshi na wa polisi pamoja na jamaa zenu, jambo hili linawahusu ninyi kuliko watu wengine. Mfanyakazi wa dukani akichoshwa na tajiri wake huweza kuaga na kutafuta duka jingine. Askari hawezi kufanya hivyo. Ameapa, amevaa sare, na mara nyingi hukaa katika laini zile zile anamokaa mkubwa wake. Tena askari hukabidhiwa silaha, na mtu mwenye silaha hana ruhusa ya kukasirika kama watu wengine wakasirikavyo.

Makala haya yana jambo moja la kusema. Mkubwa mgumu huweza kuvumiliwa, huweza kuzungumza naye yakaisha, na ikibidi huweza kushitakiwa kwa njia ya haki. Lakini ghadhabu yake lazima ipate mahali pa kukomea, na mahali hapo ni kabla ya mlango wa nyumba yako.

Mkali si lazima awe mwonevu

Kabla ya kulalamika, yafaa mtu ajiulize kwanza ni mkubwa wa namna gani aliye naye. Wakubwa wagumu ni wa namna tatu, na dawa zao hazifanani.

Wa kwanza ni mkali mwenye haki. Huyu hataki mchezo. Kiatu kisichong'aa hukiona toka mbali, na anayechelewa gwaride kwa dakika mbili hujibu kwa dakika hizo mbili. Lakini sheria yake ni moja kwa watu wote, naye mwenyewe huifuata: lindo likiwa la usiku hulitembelea usiku, mvua ikinyesha hunyeshewa pamoja na watu wake. Ukali wake huisha kazi inapokwisha. Mkubwa huyu huchosha, lakini baada ya miaka watu waliokuwa chini yake humkumbuka kwa heshima, maana wengi wao walipona hatarini kwa sababu ya ukali wake.

Wa pili ni mkali kwa kubanwa. Huyu si mbaya wa asili. Ana kituo chenye askari wachache na kazi nyingi, gari moja lisilo na mafuta, na simu isiyokoma kulia kutoka kwa walio juu yake. Kila alikosalo hulipia kwa sauti. Mkubwa wa namna hii hasaidiwi kwa kununiwa. Husaidiwa na mtu anayemletea kazi iliyokamilika, na taarifa ya ukweli kabla hajaiulizia.

Wa tatu ndiye mwonevu hasa. Huyu huwa na watu wake na wasio watu wake. Hosho zake ni za kutweza: humtukana mtu mbele ya wadogo zake, humtaja mama yake au kabila lake. Hunyima likizo asiyempenda na kumpa yule amletaye zawadi. Hutaka fungu katika posho ya askari, au humwambia askari wa kike kwamba uhamisho mzuri una bei yake. Kwa mkubwa wa namna hii uvumilivu peke yake si dawa, kwa maana uvumilivu usio na mpaka humfundisha mwonevu kwamba hakuna mpaka.

Jipime kwa haki. Watu wengi humwita mwonevu kila mkubwa anayewakosoa, nao wangeona tofauti kama wangejiuliza maswali matatu: Je, hili analonifanyia mimi huwafanyia na wenzangu? Je, anakosoa kazi yangu au anautukana utu wangu? Je, nikitengeneza kosa lile, ukali hupungua? Majibu yakiwa ni ndiyo, anakosoa kazi, na hupungua, basi mkubwa huyo ni mwalimu wako, hata kama hakuchagua maneno matamu.

Madhara yake mwilini

Msidhani ya kwamba kuonewa kazini ni jambo la moyo tu lisilogusa mwili. Mwaka 1985 huko London, Uingereza, watafiti wakiongozwa na daktari Michael Marmot walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali 10,308, wanaume kwa wanawake, kutoka makarani wa chini hadi wakuu wa idara. Waliwapima na kuwauliza habari za kazi zao kwa miaka mingi. Waligundua kwamba wale waliokuwa na sauti ndogo katika kazi yao wenyewe walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya wale waliokuwa na sauti kubwa. Na katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 juu ya watumishi hao hao, wanaume waliosema kwamba wakubwa wao huwatendea haki walionekana kupata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wenzao waliosema hawatendewi haki.

Watu hao hawakuwa askari, wala hawakulala katika mahandaki. Walikaa vitini, katika nchi yenye hospitali nzuri. Hata hivyo dhuluma ya ofisini iliwafuata mpaka mioyoni. Basi askari anayelala saa nne kwa siku, anayekula kwa haraka na kusimama juani, hana budi kuitunza afya yake mara mbili. Kichwa kinachouma kila asubuhi ya kazi, usingizi unaokatika usiku wa manane, moyo unaodunda usikiapo sauti ya mtu fulani, ni dalili za kupelekwa kwa daktari, si za kupelekwa kantini. Pombe huifukuza hasira kwa saa mbili, kisha huirudisha nayo ikiwa imeongezeka nguvu, na mshahara umepungua.

Jinsi ya kumkabili

La kwanza, kazi yako iwe safi. Mtu anayechelewa, anayeandika taarifa ovyo ovyo, au anayeacha lindo, hana mahali pa kusimama hata akiwa ameonewa kweli. Mkubwa mwonevu hutafuta kosa. Usimpe kosa la bure.

La pili, zijue tabia zake. Kuna mkubwa asiyetaka kusemeshwa kabla ya kusoma taarifa za usiku. Kuna mwingine ambaye baada ya chakula cha mchana huwa mtu mwingine kabisa. Yuko atakaye habari fupi kwa mdomo, na yuko asiyeamini jambo mpaka liandikwe. Kujua hayo si kujipendekeza. Hata mvuvi huangalia maji yanavyopwa na kujaa, wala hakuna amwambiaye kwamba anaibembeleza bahari.

La tatu, usimjibu mbele ya watu. Mkubwa akikukosea gwaridani, nyamaza, simama sawa, maliza kazi. Neno lako likitoka wakati huo litahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu, na kosa lake litasahauliwa papo hapo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wala usiende kumtukana katika makundi ya WhatsApp ukidhani kwamba uko faraghani. Maneno ya simu hutembea usiku kucha, na asubuhi huwa yamekwisha kufika mezani kwake.

La nne, omba kuonana naye, tena faraghani. Tuchukue mfano wa koplo aliyetukanwa mbele ya makonstebo wake. Siku ya pili, hasira zimetulia, aende ofisini, apige saluti, aseme: "Afande, naomba dakika mbili. Jana nilichelewa kuleta taarifa, na kosa hilo ni langu, nimekwisha kulitengeneza. Lakini maneno yale kunihusu mimi na wazazi wangu yalisemwa mbele ya vijana ninaowaongoza, na leo imeniwia vigumu kuwaamuru. Naomba, afande, nikikosea, uniite ndani unikosoe." Maneno hayo ni mafupi, hayana matusi, yanakubali kosa lililo la kweli, na yanamwonyesha mkubwa kwamba hasara ni ya kikosi wala si ya koplo peke yake. Wakubwa wengi, wakiambiwa hivyo, hunyamaza kidogo, kisha hujirekebisha bila kukiri. Usidai akiri. Ridhika na kurekebika kwake.

La tano, andika. Uwe na daftari dogo nyumbani, uandike tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na waliokuwepo. Kila barua ya maombi ya likizo au ya uhamisho uitolee nakala. Andika yaliyotokea tu, usiandike udhaniavyo. Ukija kuulizwa baada ya miezi sita, mwenye daftari husikilizwa na mwenye kumbukumbu ya hasira hutiliwa mashaka.

La sita, panda ngazi kwa mpangilio. Jeshini na polisini malalamiko hupita kwa mkubwa wa karibu kwanza, kisha kwa aliye juu yake, na kuendelea. Ikiwa mkubwa huyo wa karibu ndiye mlalamikiwa, omba kwa adabu kuonana na aliye juu yake, na ueleze kwamba unafuata njia ya kazi. Polisi ya Uganda ina kitengo chake cha kusimamia nidhamu na viwango vya kazi, ambacho hupokea malalamiko juu ya mwenendo wa maofisa. Mkubwa anayedai rushwa au fungu la posho ni habari ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na tangu mwaka 2010 iko sheria ya kumlinda mtu atoaye habari za ubadhirifu kwa nia njema. Anayeteswa au kudhalilishwa huweza kufika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyowekwa na Katiba ya mwaka 1995.

Utii na mpaka wake

Wako watakaosema: askari ni mtu wa kutii, haki anaijulia wapi? Ni kweli kwamba bila utii hakuna jeshi, lipo kundi tu la watu wenye bunduki. Lakini anayetiiwa ni mkubwa anayeamuru kazi ya nchi. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 24, inakataza mtu ye yote kuteswa au kutendewa kwa ukatili na kudhalilishwa, na ibara ya 42 inampa kila mtu anayefika mbele ya mwenye mamlaka haki ya kutendewa kwa uadilifu. Mavazi ya kijani au ya khaki hayamvui mtu haki hizo.

Tena uko mpaka wa upande wa pili. Sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba mtu aliyemtesa mwenzake hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa na mkubwa. Kwa hiyo mkubwa akikuamuru umpige mahabusu, mkubwa huyo hatakuwa pamoja nawe kizimbani. Sema kwa upole: "Afande, jambo hili litatuponza sote wawili." Kisha liandike katika daftari lako.

Na kwa jamaa zetu wanaofanya kazi nje ya jeshi, yaani wake na waume wauguzi, makarani, wafanyakazi wa viwandani na wa mahotelini, yafaa wajue Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi wenyewe, lakini inawahusu raia wanaofanya kazi jeshini. Inasema kwamba mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa au kwa uzembe kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe, na kujibu. Aliyefukuzwa isivyo haki huweza kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi wa wilaya, na asichelewe, maana muda uliowekwa ni miezi mitatu. Sheria hiyo inakataza pia mwajiri kumtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi au kwa vitisho, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 ameamriwa kuweka utaratibu wa kulizuia jambo hilo. Mwaka 2023 Uganda iliridhia pia Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unaohusu kuondoa ukatili na unyanyasaji kazini.

Manung'uniko yasiyosikilizwa

Ikiwa kuna afande asomaye makala haya na kuona kwamba tunawafundisha askari wake ukaidi, na akumbuke Januari ya mwaka 1964. Tarehe 20 ya mwezi huo askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Walitaka mshahara zaidi, na walitaka Waafrika wapewe nafasi za uofisa. Tarehe 23 moto ukafika kwetu Jinja, ambapo askari walimzuia Waziri wa Mambo ya Ndani, marehemu Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza nao, mpaka akakubali nyongeza ya mishahara. Tarehe 24 ikawa zamu ya kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, nchini Kenya. Serikali zote tatu, zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru, zililazimika kuomba majeshi ya Uingereza yarudi kuzituliza kambi zao wenyewe. Tanganyika ililivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba mwaka huo ikaanzisha jeshi jipya.

Manung'uniko ya askari wale yalikuwa na ukweli ndani yake. Mshahara ulikuwa mdogo, na wakubwa walikuwa wageni hata baada ya bendera kubadilishwa. Lakini hapakuwa na mlango uliofunguliwa mapema wa kuyapokea, na askari nao wakachagua bunduki iwe mdomo wao. Wanahistoria wengi wa nchi hii huona kwamba tangu siku zile za Jinja bunduki ilijifunza kwamba ikisema husikilizwa, na gharama ya somo hilo Waganda wamelipa kwa miaka mingi. Basi mkubwa anayesikiliza lalamiko dogo leo hajishushi cheo. Analinda kambi.

Na msiba wa karibu zaidi bado tunaukumbuka. Asubuhi ya tarehe 2 Mei 2023, huko Kyanja, Kampala, Waziri wa Nchi wa Kazi, Kanali mstaafu Charles Okello Engola, alipigwa risasi na askari aliyekuwa mlinzi wake, akafa. Kisha askari huyo akajiua. Watu waliokuwa hapo waliripotiwa kusema kwamba walimsikia akilalamikia malipo. Hatuandiki habari hii ili kumhukumu marehemu, wala ili kumpatia muuaji udhuru, kwa sababu hakuna deni la mshahara linalolipwa kwa damu. Tunaiandika kwa sababu siku ile nyumba mbili zilibaki na kilio. Kabla ya mtu kufika hapo huwa amepita milango mingi ambayo angeweza kubisha: rafiki wa zamu, mke, kasisi au imamu wa kikosi, daktari, mkubwa mwingine. Askari mwenzako akianza kusema maneno ya kukata tamaa, usiyacheke. Mwambie sajenti wake asipewe silaha siku hiyo, na ukae naye. Huko si kumsaliti.

Jioni, kabla ya mlango

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo ukurasa huu ulipo.

Baba, au mama uliye askari, toka kazini mpaka nyumbani kuna njia, hata kama ni ya hatua mia moja tu kati ya ofisi na laini. Itumie njia hiyo. Rudisha silaha ghalani. Pita polepole. Ukifika, salimu kwanza kabla ya kuuliza kitu cho chote. Vua sare, oga, vaa shuka au kanzu yako, ukae. Sare ikining'inia msumarini, na mkubwa wako umwache aning'inie pale pale hadi asubuhi. Kisha mweleze mwenzako kwa neno moja: "Leo kazini kulikuwa kuzito." Neno hilo litamwokoa na kudhani kwamba uso wako ulionuna umetokana naye. Anayenyamaza kabisa huifanya nyumba nzima itembee kwa ncha za vidole, na watoto hujifunza kuiogopa sauti ya viatu vya baba yao.

Nawe uliyebaki nyumbani, usimpokee na hesabu ya madeni mlangoni. Mpe maji, mpe nusu saa. Atakapoanza kusema, msikilize mpaka mwisho, usimwambie upesi "vumilia tu" wala usimwambie "ningekuwa mimi ningempiga". La kwanza humfunga mdomo, la pili humtia jeuri. Muulize: "Umeandika? Umezungumza naye? Nani mwingine aliona?" Maswali hayo matatu yana msaada kuliko mawaidha ya saa nzima.

Kwa wanaokaa kambini liko jambo jingine. Mkubwa wa mume wako ni jirani yako. Mkewe mnakutana bombani, watoto wenu hucheza mpira mmoja, na siku ya msiba mtapika katika sufuria moja. Usipeleke bombani ugomvi wa ofisini. Usimnunie mke wa afande kwa kosa asilolijua, wala usijipendekeze kwake ili amsemee mume wako kitandani, maana cheo kilichoombwa kwa njia hiyo hudaiwa kwa njia hiyo. Wafundisheni watoto kwamba mtoto wa mkubwa ni mtoto mwenzao tu. Asipigwe kwa sababu ya baba yake, wala asiogopwe kwa sababu hiyo.

Na lieleweke vema: kuonewa kazini hakumpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe, mumewe au watoto. Iko Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010, nayo haina kifungu kinachosema kwamba aliyetukanwa na mkubwa wake amesamehewa. Aliyeshindwa kumjibu mwenye nguvu akaenda kumpiga asiye na nguvu hajaponyesha heshima yake iliyojeruhiwa. Ameongeza idadi ya walioonewa siku hiyo.

Na wewe je, si mkubwa wa mtu?

Mwisho, kila msomaji na ajitazame. Ni rahisi kumwona mkubwa mbaya tunapotazama juu, lakini kila mtu ana mtu anayemtazama yeye kutoka chini. Koplo ni mkubwa wa konstebo mpya aliyetoka mafunzoni wiki iliyopita. Mke wa sajenti ni mkubwa wa msichana wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kula akiwa wa mwisho. Kaka ni mkubwa wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini asomeshwe. Je, msichana yule hupumzika siku moja katika wiki? Hulipwa mwezi unapokwisha, au huambiwa kila mara asubiri? Akivunja kikombe huulizwa, au hutukanwa yeye na mama yake, kama vile koplo wetu alivyotukanwa gwaridani?

Mkubwa wako mgumu huenda akahamishwa mwezi ujao, huenda akakaa miaka mitano. Hilo haliko mikononi mwako. Lililo mikononi mwako ni kwamba maneno aliyokurushia yatafika kwako na kukoma, hayatapita kwenda kwa mwingine. Konstebo atakayefanya hivyo leo ataijua kazi ya ukubwa kabla ya kupewa cheo, na siku atakapovaa mikanda mitatu begani, vijana wake watakuwa na sajenti ambaye jioni, wakirudi laini, hawatakuwa na sababu ya kumpeleka nyumbani kwao.